Kuuliza Hospitalini Si Utovu wa Adabu



Tumerithi kwa wazee wetu adabu ya kumstahi mtaalamu. Tukifika mbele ya daktari twanyamaza, twachelea kwamba kumwuliza ni kumtilia shaka. Adabu hiyo ni njema, ila kimya chake chaweza kuleta madhara.

Katika miaka ya 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti katika hospitali za miji minane, zikiwamo za London, Amman, na Ifakara kwa jirani zetu Tanzania. Halikuleta dawa mpya wala mashine. Lilileta karatasi ya mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla kisu hakijagusa ngozi, na kabla hajatolewa chumbani. Mgonjwa huthibitisha jina lake na upasuaji anaofanyiwa. Huulizwa kama kuna dawa inayomdhuru. Madaktari na wauguzi hujitambulisha kwa majina. Mwishowe vyombo, sindano na vitambaa huhesabiwa, kisisahauliwe kitu mwilini.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Kabla ya karatasi hiyo, katika kila wagonjwa 1,000 walifariki kama 15. Baada yake, 8. Waliopatwa na madhara makubwa walipungua kutoka 110 hadi 70.

Hata hivyo, mwaka 2014 utafiti wa hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, haukuona upungufu wa maana. Karatasi ilitumika huko pia. Nasi twajifunza kwamba karatasi pekee haimlindi mtu. Inayojazwa kwa mazoea, bila ya kuulizana na kusikilizana, ni wino tu.

Sasa tuzitazame nyumba zetu. Swali la mwanzo huelekezwa kwa mgonjwa mwenyewe. Lakini mara ngapi mama aulizwa, akajibu mumewe au mkwewe? Yeye ndiye aijuaye dawa iliyomvimbisha uso mwaka jana, na ndiye ajuaye damu ilianza kumtoka saa ngapi. Enyi waume, mwacheni aseme. Nanyi akina mama, semeni.

Mwendapo hospitalini, chukueni dawa zote mnazotumia, hata za mitishamba. Mtoto akipewa dawa, ulizeni jina lake, ya nini, na kiasi gani. Muuguzi akisahau kunawa mikono, mkumbusheni kwa upole.

Kutawakali hakumwondolei mtu wajibu wa kushika sababu. Na mgonjwa ni amana: kwa daktari, kwa muuguzi, na kwetu sisi tumpelekao. Daktari mwema hakasirikii swali, kwani huenda likawa ndilo lililomwokoa yeye na mgonjwa wake.

Wabillahi tawfiq.