Bei Itapanda, Lakini Wewe Utakuwepo?

Kuta nyingi za Dar es Salaam zimeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Aliyeandika ana sababu zake. Mjini hapa mpwa huweza kuuza nyumba ya mjomba huku mjomba mwenyewe yuko kijijini kwenye matanga. Aliyeandika ukutani simlaumu. Ninayemlaumu ni yule aliyeyahamishia maandishi hayo kichwani mwake, akaamini kwamba nyumba ni kitu kisichouzwa, na kama ni lazima kiuzwe, basi si sasa. “Subiri, bei itapanda. Ardhi haishuki.” Utaisikia kauli hiyo kwa wakwe, kwa wazee wa msikitini na kanisani, hata kwa watu wa benki, ambao hesabu ndiyo kazi yao. Imerudiwa mpaka hakuna anayeihoji tena. Mimi naihoji.

Kwanza hiyo bei yenyewe. Jirani yako anasema nyumba yake ni milioni 300. Muulize nani amempa. Tanzania mkopo wa kununua nyumba ni kitu cha wachache: riba ni kubwa, na mikopo yote ya aina hiyo nchi nzima inahesabika kwa maelfu tu. Kwa hiyo mnunuzi wa nyumba yako ni mtu mwenye fedha taslimu: mstaafu aliyelipwa kiinua mgongo, mfanyabiashara wa Kariakoo aliyefungua kontena likatoka vizuri, au kijana wa ughaibuni anayemjengea mama heshima. Watu hawa si wengi, na huja kwa msimu wao, si wako. Ukimfukuza mmoja kwa sababu amepungukiwa milioni kumi, unaweza kumsubiri wa pili kwa miaka. Anayesema bei inapanda kila mwaka anazungumzia bei ya kutajwa kijiweni, ambayo kweli haijawahi kushuka.

Bei ya fedha mezani imewahi kushuka. Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, na mjini vyuma vikawa vimekaza, mabango ya “inauzwa” na “inapangishwa” yalidumu Mikocheni na Mbezi Beach mpaka jua likayafuta rangi. Wenye nyumba waliozoea kupokea kodi kwa dola walianza kubembeleza wapangaji kwa shilingi. Waliouza kabla ya hapo walicheka kimyakimya. Waliosubiri walizidi kusubiri.

Tena kuna nyakati ambapo hata ukitaka kuuza huruhusiwi. Mwaka 2008 serikali ilikuja na mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, na watu wa maeneo yaliyoguswa wakazuiwa kuuza na kuendeleza ardhi yao. Zuio likaendelea miaka na miaka. Mwenye shamba la urithi pale alikuwa tajiri wa kwenye karatasi asiyeweza kupaka ukuta chokaa. Na mwaka 2017 bomoabomoa ilipita Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara, ikasafisha hifadhi ya barabara. Kuwa karibu na lami ndiko kulikokuwa fahari ya nyumba zile, na ndiko kulikoziangusha.

Najua nitajibiwa nini. Mtu atanitajia Goba, Madale na Bunju, na viwanja vilivyonunuliwa kwa bei ya ng'ombe vikauzwa kwa bei ya basi. Ni kweli, sikatai. Lakini kilichopanda pale ni kiwanja kilichokuwa pori kabla ya barabara kufika, na barabara hufika mara moja. Nyumba yako ya Sinza au Tabata iliyojengwa mwaka 1994 imekwisha kuvuna neema yake. Sasa ni bati lililoanza kutu, mabomba ya chuma yaliyooza ndani ya ukuta, na shimo la choo linalojaa kila masika. Mnunuzi anaviona vyote hivyo hata kama wewe umezoea.

Tufanye hesabu kidogo, maana wapenda nyumba huikimbia hesabu. Tuseme nyumba yako kweli ingepata milioni 250, na ukiipangisha inakupa milioni moja kwa mwezi. Hizo ni milioni 12 kwa mwaka, kabla ya kodi ya mapato ya pango, mafundi, na miezi ambayo mpangaji kaondoka usiku akiacha deni la maji. Milioni 250 hizo hizo zingewekwa kwenye hatifungani ya serikali ya miaka 25 baada ya Benki Kuu kushusha riba mwaka 2022 mpaka asilimia 12.56, zingekuletea milioni 31.4 kwa mwaka bila kumgombeza mtu. Ili nyumba ifidie tofauti hiyo, bei yake lazima ipande karibu asilimia 8 kila mwaka, yaani iongezeke maradufu kila baada ya miaka tisa hivi, pasipo kukosa. Kweli, mfumuko wa bei hula mtaji wa hatifungani, na ukuta haumezwi hivyo. Hoja hiyo naikubali. Ila niambie: mara ya mwisho nyumba yako iliongezeka maradufu lini, na nani alikuja na fedha?

Lakini si hesabu inayoniudhi zaidi. Kinachoniudhi ni uongo wa “nawaachia watoto”. Mzee ana watoto sita: mmoja Mwanza, mmoja Dodoma, mmoja Marekani, watatu wamejenga kwao Kibaha na Chanika. Yeye na mkewe wanaishi vyumba viwili kati ya saba. Vilivyobaki vinafagiliwa Desemba. Miguu inauma na ngazi ni ndefu. Hospitali inadai. Akishauriwa auze, anunue nyumba ndogo karibu na binti yake na kilichobaki kimtunze, anakasirika: watu watasema kafulia. Basi anasubiri bei ipande.

Siku akifa, nyumba inauzwa. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini hakigawanyiki kwa watoto sita. Mahakama inateua msimamizi wa mirathi, mmoja anapinga, anaibuka wa saba ambaye hakuna aliyemjua, hati haionekani, na kaka mkubwa amekwisha kuhamia na familia yake akidai ndiye aliyemuuguza baba. Madalali wanaijua nyumba ya namna hii kwa harufu. Mnunuzi makini anaikwepa kwa kuogopa kesi, na anayebaki ni mlanguzi mwenye kununua ugomvi kwa bei ya kutupa. Ile nyumba isiyouzwa imeuzwa, ila kwa bei mbaya kuliko zote, na ndugu hawasalimiani. Mzee hakuona hata senti ya jasho lake. Eti huo ndio urithi.

Sisemi kila mtu auze. Mwenye paa moja tu juu ya kichwa, na wajukuu ndani, akae kwake. Wala sisemi uuze ukanunue Land Cruiser, au umpe shemeji afungue duka. Ninachokataa ni kufanya bei iwe ndiyo saa ya kuamua, wakati bei ndiyo kitu pekee katika shughuli hii usichoweza kukishika. Vitu unavyoweza kuvishika viko vingi, na navyo huongeza thamani kuliko kusubiri: kupata hati mahali pa barua ya serikali ya mtaa, kulipa kodi ya pango la ardhi bila malimbikizo, kutunza risiti za ujenzi ili kodi ya ongezeko la mtaji ikatwe kwenye faida halisi.

Na kuna kimoja hakirudi kikipita. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo hutolewa na watu walio hai, wenye akili timamu na wanaosemeshana. Basi kama nyumba imekuwa kubwa kuliko maisha yenu, hati iko kabatini, hakuna anayewadai, na nyote wawili bado mnaweza kushika kalamu na kumwambia mnunuzi mbabaishaji “hapana, nenda”, wakati wenu ni huu. Kaeni chini jioni ya leo, mkubaliane bei ya chini kabisa mtakayopokea, kisha mwiteni dalali.