Mombasa bado yachagua maiti ya kulilia

Litaje jina la Sheikh Aboud Rogo katika mabaraza ya mtaa wa Majengo na utajua upesi umesimama mbele ya nani. Wapo watakaomwombea rehema na kuongeza kwamba serikali ndiyo iliyomuua. Wapo watakaotazama chini. Kisha mtaje Sheikh Mohammed Idris, uone waliosema wakinyamaza na walionyamaza wakipata sauti.

Mimi nilifundisha shule ya msingi hapa Mombasa mpaka nikastaafu. Baadhi ya vijana waliokuwa wakigombania mimbari za misikiti miaka ile masheikh hao walipouawa niliwafundisha hesabu, nikawajua na mama zao.

Tarehe 27 Agosti 2012 Rogo alimiminiwa risasi akiendesha gari, mkewe yumo ndani. Mahubiri yake niliyasikia na sikuyapenda. Mwezi mmoja kabla ya hapo Umoja wa Mataifa ulikuwa umemwekea vikwazo kwa madai ya kuwasaidia wapiganaji wa al-Shabaab wa Somalia. Lakini siku ile alikuwa mshtakiwa aliye nje kwa dhamana, mtu ambaye mahakama ilikwisha kumwachilia mwaka 2005 katika kesi ya shambulio la hoteli ya Kikambala. Majengo iliamini polisi ndio waliomuua. Polisi walikana. Kikosi kazi kilichoundwa kuchunguza mauaji hayo kilimaliza bila kumtaja muuaji, kikapendekeza uchunguzi wa mahakama juu ya kifo hicho.

Na sisi, tulijibu vipi? Vijana wetu waliingia barabarani wakavunja makanisa, na polisi wakarushiwa guruneti. Mchungaji wa kanisa la mtaani alikuwa na kosa gani katika kifo cha Rogo? Mwaka uliofuata, Oktoba 2013, mhubiri mwingine, Sheikh Ibrahim Omar, aliuawa garini pamoja na wenzake watatu, na mara hii kanisa la Jeshi la Wokovu likatiwa moto. Nilisikia watu wazima, wenye ndevu za mvi, wakisema vijana wana hasira na waachwe. Maneno hayo yanarahisisha mengi.

Tarehe 1 Aprili 2014 ikawa zamu ya Sheikh Abubakar Shariff, maarufu Makaburi. Huyu alikuwa amelitetea hadharani shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, lililoua watu 67. Hata hivyo, muda mfupi kabla ya kifo chake mahakama iliamuru alipwe fidia kwa jinsi polisi walivyoivamia nyumba yake. Korti ilimpa haki yake pamoja na ubaya wote wa maneno yake. Waliomvizia nje ya mahakama ya Shanzu hawakuwa na haja na korti.

Haukupita muda, tarehe 10 Juni, kabla ya alfajiri kupambazuka, Sheikh Idris alipigwa risasi huko Likoni akielekea kuswali. Alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri nchini. Vijana walikuwa wamekwisha kumfukuza msikiti wa Sakina, kama walivyouteka Masjid Musa na kuupa jina la Shuhadaa. Kosa lake ni kukataa watoto wa watu wapelekwe Somalia. Kwa hilo akaitwa kibaraka wa serikali, na kibaraka, kwa hesabu yao, damu yake ni halali. Hakuna tairi lililochomwa Majengo kwa ajili yake.

Anayeua kwa jina la usalama na anayeua kwa jina la dini wanatukanana mchana kutwa, lakini wana imani moja: kwamba kesi ni kupoteza wakati. Orodha inaandikwa gizani, mtu anahukumiwa bila kusikilizwa, na maiti yake inakuwa tangazo kwa wengine. Nikimsikia mtu akilaani upande mmoja tu, sioni kama analaani mauaji. Naona anachagua muuaji wake.

Nina shoga yangu tangu utotoni. Mwanawe alichukuliwa jioni moja na watu waliovaa kiraia, wasiojitambulisha. Mama alizunguka vituo vyote vya polisi, akaenda mpaka mochari. Jirani mmoja akamwambia kijana lazima alikuwa na lake. Baadaye wakaja wengine, wapole, na bahasha ya pesa na pongezi. Waliulizia pia habari za mdogo wake. Aliwafungia mlango. Akaniambia, "Shoga, hawa wasema nimezaa gaidi, wale wasema nimezaa shahidi. Mimi nilizaa mtoto wa kunizika."

Siku hizi watoto wa Kisauni na Likoni wanatembea na mapanga kwa makundi, na wala hawajisumbui kutafuta aya ya kujifichia. Umri wao nao! Wengine walikuwa chekechea Makaburi alipouawa. Wamekulia katika mji ambao mtu huuawa, watu wakabishana wiki nzima kama alistahili, kisha maisha yakaendelea. Wanasiasa wanaowakodi kwa mikutano wamekuta kazi imekwisha kufanywa.

Mwaka 2027 wagombea watakuja tena kula biriani nasi na kutuahidi bandari. Wakija, tuwadai jambo moja: uchunguzi wa wazi wa mahakama juu ya vifo vya masheikh hao wote wanne, na pamoja nao waumini sita waliouawa kanisani Likoni tarehe 23 Machi 2014, askari waliouawa kwa guruneti, na vijana waliochukuliwa wasirudi. Yote kwa pamoja, kwa majina. Mgombea anayetaka faili la Rogo lifunguliwe na la Idris likae kabatini, au anayetaka kinyume chake, asipewe kura.