Eti panya!

Mwenzenu nilimpeleka mchumba kwetu Mbalizi akaonane na wazazi kabla ya mambo ya mahari, na nusura nirudi Dar bila mchumba.

Yeye ni mtoto wa pwani. Mama katukaribisha jikoni, jamaa kaona vinyama vinakimbizana pembeni ya mafiga, kaniuliza kwa sauti: “Hee, panya mnawafuga?” Mama hakujibu, akaendelea kuchochea moto. Anayemjua mama yangu anajua hapo pameharibika. Jioni tukaletewa maharage. Nyama hatukuiona.

Ni simbilisi, jamani! Huku Nyanda za Juu Kusini ni mfugo na ni kitoweo. Kongo mashariki wanawaita dende.

Usiku nikamkalisha nje nikampa somo. Hawa asili yao ni milima ya Andes, Peru na majirani zake, walikofugwa kwa nyama maelfu ya miaka. Kwa Kiquechua ni quwi. Karne ya 16 Wahispania wakawafikisha Ulaya, na huko kila mtu akajisemea lake. Mwingereza kawaita nguruwe wa Guinea, wakati kwao siyo Guinea. Mfaransa kasema nguruwe wa India. Mjerumani, Meerschweinchen, yaani kijinguruwe cha bahari. Wacheki nao wanawaita morče, kutokana na moře, bahari. Mnyama wa milimani huyo! Mwaka 1758 mtaalamu Linnaeus naye akawapa jina la kisayansi lenye porcellus, nguruwe mdogo. Hana hata undugu wa karibu na nguruwe, yuko kundi la wanyama wagugunaji, pamoja na panya…

“Pamoja na nani?” akadakia. “Si nilisema! Mimi nimekaribia kuliko Wazungu wote hao.”

Nilicheka, sikatai. Na kusema kweli hata sisi hatujapona. Mahindi tunayojivunia Mbeya tumeyapa jina la India, wakati yametoka Mexico. Lakini nikamwambia: Linnaeus hakuwa anaomba kuoa kwetu. Wewe unaomba.

Akanyamaza muda mrefu.

Asubuhi nikamsikia jikoni. “Shikamoo mama. Samahani kwa jana. Hawa simbilisi wanakula nini?”

“Marahaba. Majani,” mama akajibu bila kugeuka. “Mundu uko nyuma ya mlango.”

Akatoka na shati lake jeupe, mundu mkononi.