Mafuta sakafuni: si kazi ya mfagiaji peke yake



Mafuta yakimwagika katika sakafu ya garaji, wengi husema: «Mfagiaji atakuja.» Sisi tunasema hapana! Aliyeyamwaga ndiye ayaondoe, palepale. Mwenzako anayepita na chuma begani hataona alama ile mpaka ameanguka.

Kumwaga maji juu yake si dawa, maana maji huyatandaza mafuta. Tupa mchanga mkavu au vumbi la mbao, uliache linywe mafuta, kisha ulizoe na kulitia katika pipa la chuma lenye kifuniko. Alama inayobaki katika betoni, isugue kwa brosi, sabuni ya unga na maji ya moto.

Usitumie esanse hata kidogo. Mvuke wake hushika moto kwa cheche moja tu. Na barabarani huharibu zaidi: lami nayo imetoka katika mafuta ya ardhini, basi esanse huiyeyusha.

Nawe mama, nyumbani ni vilevile: mafuta ya kikaango yakibaki chini, mtoto atateleza.

Dakika chache za kusugua, ao majuma mengi ya kulala na mguu uliovunjika? Chagua leo.