Mchanga wa Pwani Tumeujengea Nyumba

Bahari ikimeza kipande cha nchi kavu, kilio ni kimoja: Serikali ijenge ukuta. Wanalia hivyo wenye hoteli, madiwani, waandishi wenzangu na wakazi ambao vibaraza vyao vimeanza kuning'inia juu ya maji. Wengine huongeza methali: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Laiti wangeisikiliza! Katika methali hiyo ukuta ni gharama anayotwishwa mzembe baada ya kuuacha ufa. Na ufa wetu hauko ufukweni. Uko mtoni.

Tazama Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ilikokuwa Hoteli ya Africana. Mawimbi yaliila hadi ikaachwa magofu. Wengi huilaumu bahari peke yake, na ni kweli kina chake kinapanda. Lakini ufukwe ule ulikuwa ukiishi kwa mchanga ulioteremshwa na mito kama Tegeta na Mbezi kila mvua zilipokuja. Kusi ilipovuma, mawimbi yaliusukuma mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi ilipoingia, sehemu yake ilirudi. Ufukwe ni mchanga ulio safarini, na kinachouweka hai ni kwamba kila punje inayoondoka hufuatwa na nyingine.

Sisi tumeikata safari hiyo. Jiji lilipoanza kutanuka, malori yaliteremka mitoni, vijana wakachimba kwa sepetu, mchanga ukachanganywa na saruji ukawa matofali. Mchanga uliopaswa kufika Kunduchi umeganda katika kuta za sebule zetu, na ninasema hivi nikiwa ndani ya nyumba ya matofali hayo hayo. Bahari inapodai haki yake, tunataka kuijibu kwa zege, ambalo nalo linahitaji mchanga!

Hebu tuulize ukuta unafanya nini hasa. Wimbi likipanda ufukwe wenye mteremko, hujichosha lenyewe na kurudi taratibu. Likigonga ukuta uliosimama wima, hurudi na nguvu zake, likichimbua mchanga wa chini na kuula msingi. Kiwanja kilicho nyuma hupona kwa muda, na ufukwe ulio mbele huzama. Maji ya bamvua yakijaa hakuna pa kuegesha ngalawa wala pa kumsubiri mvuvi. Kisha ukuta una ncha mbili, na kwenye ncha hizo jirani ndiye anayeliwa. Naye hujenga wake. Vivyo hivyo kwa vizuizi vya mawe vinavyoingizwa baharini: upande mchanga unakotoka hujaa, upande wa pili hubaki na njaa. Ndivyo kuta zinavyozaana.

Penye genge la udongo kosa ni kubwa zaidi. Genge linapomomonyoka huulisha ufukwe ulio chini yake na wa majirani pia. Ukilivika zege umeziba hata kisima hicho cha mwisho.

Sisemi kuta zote zibomolewe. Ukuta uliozinduliwa mwaka 2018 kando ya barabara ya Barack Obama, Dar es Salaam, unailinda njia ya watu wote. Mizingani, Unguja, haiwezi kuhamishwa, wala Fort Jesus, Mombasa. Hapo lipa, jenga, na ukarabati kila inapohitajika. Lakini hoteli au jumba la kifahari lililojengwa mchangani si Fort Jesus. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Aliyeziruka mita hizo akijua, kwa nini mama lishe wa Manzese alipie ukuta wake kwa kodi?

Mbele ya Pangani kulikuwa na kisiwa cha Maziwi, chenye mivinje, na kasa walipanda kutaga mayai. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Watu wengi wa huko huanza kisa hicho kwa kukatwa kwa miti. Siwezi kuusahau mfano huo, kwa sababu pwani huanza kufa pale tunapoondoa kinachoishika, iwe mivinje, mikoko, matumbawe au mchanga wenyewe, na hayo yote huondolewa kabla hata mtu hajafikiria zege.

Basi tuanze na ufa. Mita 60 zilindwe kabla ya nyumba kupanda, maana baada ya hapo kila mtu ana huruma na wakili. Jengo ambalo bahari imelifikia mlangoni lisaidiwe kuhama badala ya kuzungushiwa ukuta. Anayeruhusiwa kujenga ukuta wake binafsi aweke dhamana ya kumrudishia jirani mchanga.

Na mitoni? Tumetangaza marufuku, tumekamata vijana wenye sepetu, na uchimbaji umeendelea, kwa sababu kijana huyo anauza tu kile tunachokinunua. Mnunuzi ndiye asiyeulizwa. Halmashauri inayotoa kibali cha ujenzi ina jina lake, kiwanja chake na ramani yake mezani. Imtake aonyeshe, kabla ya kumwaga msingi, risiti ya machimbo halali au ya kokoto zilizosagwa kuwa mchanga. Asiye nayo asubiri.