Ulimi ukivimba polepole, usiishie duka la dawa

Dalili ya mvua ni mawingu, msomaji mpenzi, na yako maradhi ambayo mawingu yake hutanda kinywani.

Chukua mfano wa mzee anayefanya kazi kiwandani huko Industrial Area na kurejea Makadara jioni kwa miguu. Kwa miezi kadhaa ulimi wake umekuwa mzito. Maneno hayatoki sawasawa, usiku anakoroma, na kandokando ya ulimi pana alama za meno. Duka la dawa limempa vidonge vya mzio, kisha dawa ya ukungu wa kinywa. Majirani nao wana yao ya kusema. Ulimi haupungui.

Mambo mengi huukuza ulimi, kama vile tezi ya shingoni kulegea kazi. Lakini mojawapo ni ugonjwa wa nadra uitwao amiloidosisi. Protini zilizojikunja vibaya hurundikana ulimini, kwenye figo, moyo na mishipa ya fahamu. Katika aina itokanayo na chembe za uboho wa mifupa, ulimi hukua kwa mgonjwa mmoja au wawili hivi kati ya kumi. Dalili nyingine ni madoa ya zambarau kuzunguka macho bila kuumia, miguu kuvimba, mkojo wenye povu, ganzi ya vidole na kuishiwa pumzi.

Kutazama tu hakutoshi. Baada ya sindano ya ganzi, daktari hukata kinyama kidogo, mara nyingi upande wa ndani wa mdomo wa chini, penye vijitezi vya mate. Ni kazi ya dakika chache. Kama hutokwa damu ovyo, au unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, mwambie mapema.

Maabarani kinyama hicho hutiwa rangi nyekundu ya Kongo. Wenzetu wa viwanda vya nguo watashangaa: ni rangi ya vitambaa, iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1883. Kongo ni jina la kibiashara tu. Mwaka 1922 ilibainika kwamba hunasa protini hizi. Chini ya darubini yenye mwanga maalumu, hung'aa kijani cha tufaha, na ugonjwa huthibitika.

Kipande hicho kisipoonyesha kitu, bado si hakikisho. Hupimwa pia mafuta ya tumboni au uboho. Lazima aina ijulikane, maana matibabu hutofautiana. Ipo aina ifuatayo maradhi ya muda mrefu kama kifua kikuu.

Moyo ukishalemewa, dawa huwa imechelewa. Basi ulimi ukikua kwa majuma kadhaa, mwone daktari wa meno au nenda hospitali, ukaulize: "Daktari, hakuna haja ya kupima kinyama?" Lakini ukivimba ghafla na pumzi kubana, usingoje kesho. Kimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.