Siha ya Nyumba: Nguvu Isiyojua Kukunjika

Mwezi huu twajibu swali la ndugu yetu mmoja ambaye mwanawe alisoma chuoni kwetu. Asema kwamba kijana huyo hunyanyua vyuma kila jioni, kifua kimetanuka na mikono imejaa, illa akikaa tahiyatu uso humkunjamana kwa maumivu, kwani magoti na vifundo vya miguu havimkubali. Na akitaka kuchuchumaa, visigino huinuka akaanguka nyuma. Je, amkataze vyuma?

Kabla ya kumjibu yatupasa kuungama aibu yetu wenyewe. Sisi tumefundisha zaidi ya miaka 30 tukikaa mkekani, na tulijiona tu wazima kwa kuwa nyonga zetu zakunjika bila taabu. Mwaka juzi, siku moja darasa lilipokwisha, tulitaka kusimama na mapaja yakakataa. Ikatubidi tushike bega la mtoto mmoja ndipo tukainuka. Yeye hakusema neno. Wenziwe ndio waliocheka. Basi kijana yule ana nguvu asizoweza kuzikunja, nasi tulikuwa na mikunjo isiyo na nguvu, na hatujui ni nani kati yetu aliye na hali mbaya zaidi.

Ndugu yetu, usimkataze. Watu wengi wadhani kwamba vyuma ndivyo vikazavyo mwili, na sivyo. Aghalabu kosa ni kunyanyua nusu nusu: kijana atwika mzigo mkubwa kupita kadiri yake, ashuka kidogo tu, apanda, na wenzake wamsifu. Mwili hujifunza pale unapofanyishwa kazi. Wataalamu wamewalinganisha watu waliofanya mazoezi ya nguvu na wale waliojinyoosha tu, wakaona kwamba makundi yote mawili yalipata wepesi wa viungo, wala tofauti baina yao haikuwa kubwa. Basi na apunguze uzito hata nusu, ashuke polepole mpaka chini kabisa kadiri viungo vitakavyomruhusu bila maumivu, kisha apande. Ataona haya mbele ya wenzake kwa wiki chache. Haya hiyo haimdhuru.

Kujinyoosha nako kuna wakati wake. Mtu akiuvuta msuli na kuushikilia zaidi ya dakika moja, kisha papo hapo akaenda kunyanyua mzigo mzito, huona nguvu zake zimepungua kidogo. Kwa hiyo, kabla ya vyuma na atembee kwa haraka, azungushe mabega, achuchumae mara kadhaa bila mzigo, mpaka jasho jembamba limtoke. Kule kuvuta na kushikilia kuje baadaye, mwili ukiwa bado moto: kila upande nusu dakika, mara mbili au tatu, pasipo kurukaruka wala kuzuia pumzi.

Ama sisi tuliopita miaka 50, hatari yetu ni nyingine, kwani misuli hupungua kadiri umri unavyosonga iwapo haikutumiwa. Shirika la Afya Duniani katika maelekezo yake ya mwaka 2020 limewataka watu wazima wafanye mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi kwa wiki, na waliofika miaka 65 waongeze mazoezi ya nguvu pamoja na ya kusimama imara, siku 3 au zaidi.

Huko Brazil, daktari Claudio Gil Araújo na wenzake waliwapima watu 2,002 wenye umri wa miaka 51 hadi 80 kwa jambo ambalo sisi twalifanya kila siku: kukaa chini na kuinuka. Kukaa kuna alama 5, na kuinuka 5. Kila unapoegemea mkono au goti, alama 1 huondoka, ukiyumba, nusu. Matokeo yalitolewa mwaka 2012: waliopata alama 3 au chini yake walikufa zaidi ya mara 5 kuliko waliopata 8 na kuendelea, katika miaka iliyofuata. Si kwamba kuegemea mkono ndiko kuuako; ni dalili tu ya mwili ulivyo.

Tangu siku ile tumejiwekea Jumatatu na Alhamisi. Baada ya alfajiri twakaa mkekani na kuinuka mara 10, kisha twachukua dumu la lita 20 lililojazwa nusu, ambayo ni kilo 10, tukichuchumaa nalo na kusimama. (Mama wa nyumba alitazama siku ya kwanza akasema kwamba yeye hulichukua likiwa limejaa, wala hakuna amwitaye mwanamichezo.) Mwenye goti lililovimba au mwenye kizunguzungu na amwone daktari kwanza.

Wiki iliyopita tulijipima kwa hesabu ya Brazil. Tumepata 8: mkono mmoja na goti moja bado twaviegemea tukiinuka.